Saa Mbili Zisizopatana

Walipiga simu kulalamikia simu:
usiku, mtu akishafika kwenye neno gumu,
tik.
Kidogo kama punje ya uwele, kisha tik tena.
Wapigaji wakakata. Wakasema, kuna mtu anatusikiliza.

Basi nikaitwa mimi, nikasikilize.

Chini ya jengo, barabara ya Spring Bank, mjini Hull,
chumba cha mitambo kilinuka zulia lililolowa.
Doreen Stathers akanipa funguo, akanipa chai,
akasema: "Shekue, hawa wanatuambia
wasichomwambia mume, wasichomwambia kasisi.
Usije ukawasikia."
Nikamwapia.

Nikauchomoa waya utokao kituo cha mji,
nikautia tundu la kwanza la kadi,
la pili nikaliunga na mtambo wa ghorofani,
na katikati, pasipo na shaba, nikaweka programu:
kiingiacho huku kitokee kule, cha kule kije huku,
na nakala yake idondoke mbele yangu.
Daraja. Mistari mia nne ya msimbo
niliyoiandika Jumapili jikoni, wali ukiungua.

Mara elfu nane kwa sekunde unapita msafara
wa vyumba thelathini na viwili.
Thelathini vya maneno.
Kimoja, namba sifuri, cha kulinganisha mwendo.
Na cha kumi na sita, cha hodi na kwaheri:
hicho tu ndicho nilichoruhusiwa.
Nani kabisha, lini, kakaa muda gani.
Kama mtoza ushuru wa lile daraja la Humber,
ahesabuye magurudumu
asiulize lori limebeba nini.

Saa nane usiku
(wao huandika mbili; miaka kumi na mitano huku,
bado najumlisha sita)
chumba cha kumi na moja kikafunguka.
Simu ya kibanda, vile vya rangi ya malai
vya mji huu.
Hesabu ya makosa ikapanda moja.
Sekunde ishirini na saba. Moja tena.
Ishirini na saba. Moja.

Hapo nilikwisha jua. Hapo ningekwenda kulala.

Nikavaa hedifoni.
Sekunde tatu, nilijiambia, za kupima.

Hakuna aliyesema. Upande mmoja pumzi,
upande wa pili birika linaanza kuimba:
mtu anachemsha maji ya chai
asiyoweza kumpitishia mwenziwe.
Tik.
Nikavua. Masikio yakawaka kama yamefinywa.

Ugonjwa wenyewe: saa mbili.
Si saa mbili ya usiku; saa mbili, mafahali wawili.
Ya ghorofani inaapa ndiyo sahihi,
ya mjini inaapa ndiyo sahihi,
zinapishana kwa chembe isiyoonekana,
na chembe zikijaa, fremu moja hutupwa njiani,
punje moja ya sauti kutoka kila chumba,
aliaye na achekaye, bila upendeleo.
Hapakuwa na msikilizaji yeyote.
Mpaka nilipokuja.

Nikaiamuru ya ghorofani iifuate ya mji.
Mstari mmoja tu wa mipangilio, wa maneno matatu.
Sekunde ishirini na saba.
Sitini.
Dakika kumi. Kimya kizima, kisicho na ufa.
Nikaurudisha waya shaba kwa shaba,
nikalibomoa daraja, nikafuta nakala,
nikafuta hata pipa lililozipokea.

Ripoti yangu ilikuwa fupi:
Saa hazikulingana. Zimelinganishwa.
Mtu wa tatu hayupo.

Kulipopambazuka Doreen aliisoma amesimama, koti begani.
"Kwa hiyo hakuna aliyesikia kitu?"
Wakati uliopo, nikawaza; niliandika wakati uliopo.
"Hayupo," nikasema.

Akanyoosha mkono kuwasha birika.
Nikamwomba maji baridi.